Ngazi 84 na logibuku moja

Binti mmoja aliyehitimu ubunifu majengo aliitoa logibuku, daftari lake la kumbukumbu za mazoezi ya kazi, kwenye bahasha ya kaki, akaiweka mezani na kuisukuma upande wangu kwa vidole viwili. "Dada, naomba unisainie." Nikaifungua. Miezi kumi na minne ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, kama mtu aliyekesha usiku mmoja akiandika mwaka mzima. "Nimeshiriki ukaguzi wa msingi." "Nimeshiriki kikao cha saiti." Nikamuuliza msingi huo ulikwenda chini kiasi gani. Kimya. Nikamuuliza nondo za nguzo zilikuwa za milimita ngapi. Akainamisha uso, machozi yakaanza kudondokea ile bahasha.

Sikusaini. Nilimchemshia chai, tukakaa kibarazani kwangu Kirumba, hapa Mwanza, tukitazama magari ya dagaa yakitoka soko la Mwaloni, naye akanieleza yote. Alihitimu vizuri. Ofisi moja ikampokea, ikampa kiti na kompyuta. Alichora kuanzia saa mbili asubuhi mpaka giza liingie, michoro ikatoka kwa jina la mtu mwingine, posho ikaja mwezi mmoja na kuruka miwili. Saiti hakupelekwa hata siku moja. Logibuku ilikaa kwenye droo ya bosi kwa ahadi ya "nitaisaini nikipata nafasi", na alipoondoka akarudishiwa ikiwa nyeupe. Basi akaijaza mwenyewe.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mimi ilinichukua miaka sita tangu nihitimu hadi kupata muhuri wangu, na miwili kati ya hiyo ilipotelea kwa mtu aliyenichorisha usiku na mchana, kisha akakana kwamba aliwahi kunisimamia. Nilianza upya kama mtu aliyemaliza chuo jana. Mpaka leo nikiona kijana ameshika logibuku tupu, naumwa tumbo.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii nieleze kidogo. Hapa Tanzania kumaliza chuo hakukufanyi mbunifu majengo. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 imeliweka jina hilo mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, tunayoizoea kwa jina la AQRB, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo wala kufungua ofisi ya kazi hiyo. Kati ya cheti cha chuo na usajili kuna kipindi cha mazoezi. Unafanya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, unaandika ulichofanya, yeye anathibitisha kwa saini yake, halafu unakwenda kupimwa. Ukipita unapata namba, na kwa namba hiyo unachonga muhuri.

Utaratibu huu nauunga mkono kwa moyo wote. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20, na sisi tuliokuwa mbali tulikaa na simu mkononi tukisikiliza habari za waliokuwa wakiita kutoka chini ya kifusi. Baada ya siku ile sitaki kusikia mtu akisema usajili ni karatasi tu. Muhuri ni ahadi kwa mtu atakayelala ndani ya nyumba ambayo hukuijenga kwa mikono yako.

Kinachoniuma ni hicho kipindi cha katikati. Chuo kina walimu, Bodi ina wapimaji, lakini katikati kijana ameachiwa ajitafutie. Akimpata msimamizi mwema, anavuka. Akimkosa, anabaki pale pale mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka unaopita unamwongezea aibu ya kurudi nyuma. Nawafahamu watu wenye vipaji vya kutosha kuinua mji huu ambao leo wanauza vifaa vya umeme, wengine wanachora ramani za nyumba kwenye WhatsApp kwa bei ya nauli ya kwenda Geita.

Ramani. Hilo ndilo jina la kazi yetu mtaani. Mtu akipata kiwanja Buhongwa au Kisesa anasema anatafuta mchora ramani, na anachotaka ni karatasi ya kupatia kibali halmashauri na picha ya rangi ya kumwonyesha mkewe. Simlaumu. Hajawahi kuonyeshwa kwamba mbunifu anaweza kumwambia dirisha la chumba cha watoto ligeukie wapi ili upepo wa ziwa uingie mchana, au kwamba ile bati aliyoipenda itamchoma saa nane. Kijana ambaye hajasajiliwa anaichora ramani ile, kisha inapelekwa kwa mwenye muhuri ambaye hajawahi kukiona kiwanja, anagonga, anachukua fungu kubwa. Tunaita muhuri wa kukodi. Mchoraji hakujifunza kitu, mgongaji hakukagua kitu, na mwenye nyumba anaamini amelindwa. Wenzangu wanaofanya hivi wananijua, nami nimewaambia usoni.

Kwa aliye Mwanza kuna tatizo la ziada, nalo ni umbali. Ofisi nyingi kubwa za fani yetu ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi. Huko ndiko semina nyingi zinafanyika, huko ndiko watu wanakutana jioni na kuambizana kuna kazi gani wapi. Kijana wa Kanda ya Ziwa akirudi nyumbani baada ya chuo, labda mama anaumwa, labda kodi ya Dar imemshinda, anajiona ametoka kwenye mstari. Na huku kuna kazi! Daraja la Kigongo hadi Busisi, karibu kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, reli ya kisasa inajengwa, mji unapanda vilima kila mwaka. Kazi ipo tele, wa kumshika mkono ndiye adimu.

Vijana wanaliita jambo hili konekisheni. Wanalitamka kwa uchungu, maana kwao konekisheni ni kuwa mpwa wa mtu fulani. Ndiyo sababu nilianza kuwakaribisha kibarazani kila Jumamosi. Sikutafuta mgeni rasmi. Nilimwita rafiki yangu mkadiriaji majenzi, mpiga hesabu za gharama za ujenzi, nikamwambia aje na makadirio ya jengo lililomshinda. Jumamosi nyingine akaja mhandisi wa miundo, nyingine mpima ardhi, nyingine mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi barabara ya Nyakato, ambaye kwa saa mbili alituonyesha bati na nondo na jinsi ya kujua nondo iliyopunjwa. Aliipima nondo kwenye mizani mbele yetu. Nondo ya milimita 12 inatakiwa kukaribia gramu 890 kwa kila mita, na ile aliyokuja nayo kutoka kwa mfanyabiashara mwenzake haikufika hata gramu 750. Vijana walibaki midomo wazi. Tangu siku ile wanampigia simu kabla ya kuandika jina la bidhaa kwenye mchoro, na yeye akipata mteja anayetafuta mtu wa kuaminika, anawapigia wao. Hiyo ndiyo konekisheni ninayoitaka.

Sasa niwapeleke mlimani.

Upande wa Igogo kuna njia ya miguu inayopanda katikati ya nyumba na mawe. Anayeijua Mwanza anajua ninachosema: majabali makubwa kama nyumba, nyumba ndogo zimebanwa kati yake, na njia inapita pale ambapo jiwe limekubali. Masika ikinyesha, ile njia inageuka mto. Watoto wanashuka kwa makalio kwenda shule. Mgonjwa anashushwa kwa blanketi, watu wanne wameshika pembe. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole aliyestaafu ualimu, alikuja ofisini kuuliza kama tunaweza "kuchora ngazi", na kwamba watu wake wako tayari kutoa nguvu zao. Nikamwambia nitaileta timu. Timu ilikuwa wahitimu watano, na yule binti wa bahasha alikuwa mmojawao.

Walifanya walichofundishwa. Wiki mbili baadaye walisimama mbele ya wakazi na picha nzuri kweli kweli kwenye tableti: ngazi nyeupe, taa za sola, maua pembeni. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Kisha mama mmoja muuza maandazi, aliyekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, akauliza, "Na maji ya mvua yatapita wapi, wanangu?"

Walikuwa wamezichora ngazi ndani ya mkondo.

Kwa Jumamosi tatu zilizofuata niliwakataza kugusa kompyuta. Kazi yao ilikuwa kukaa mlimani na kutazama. Bahati ikawa yetu, Jumamosi ya pili ikanyesha. Walisimama na miavuli wakichora mishale kwa chaki ya rangi kwenye mawe kila mahali maji yalipopita, na mvua ilipokatika wakapima. Walirudi wamelowa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu anayetazama kioo cha kompyuta.

Kisha likaja suala la ndoo. Vitabuni tunafundishwa kwamba kimo cha ngazi mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kipate kati ya sentimita 60 na 64, ndipo mtu anapanda bila kuchoka haraka. Ni hesabu nzuri, imedumu karne na karne. Lakini ilitungwa kwa mtu anayetazama anakokanyaga. Mama wa Igogo anapanda na ndoo ya lita 20 kichwani, kilo 20 za maji yanayochezacheza, na macho yake yako mbele. Haoni miguu yake. Anapapasa kwa kidole gumba, anahisi ukingo, anapanda. Yule binti aliomba ndoo, akajitwisha, akajaribu. Alifika ngazi ya nane ya njia ya zamani, maji yakammwagikia shingoni. Mama wa maandazi akacheka, akamwekea ngata vizuri kichwani na kumwambia, "Usihesabu, mwanangu. Mguu wenyewe unakumbuka. Ukiudanganya mara moja tu, unaanguka."

Mguu unakumbuka. Kwa hiyo kila ngazi lazima iwe sawa na mwenzake. Tukachagua kimo cha sentimita 16 na kukanyagia sentimita 30. Mafungu saba ya ngazi kumi na mbili, na kati ya fungu na fungu kituo cha kupumzikia chenye ukuta mfupi wa kiuno, ili ndoo itue pale bila mtu kuinama hadi chini. Wazo la ukuta lilikuwa la wale kina mama, sisi tuliuandikia vipimo tu. Na reli ya kushikia tuliiweka upande mmoja, kushoto kwa anayepanda. Tulipowatazama tuliona kwamba anayepanda ndiye mwenye mzigo, mkono wa kulia umeshika ndoo, wa kushoto uko huru. Anayeshuka ndoo yake ni tupu. Fedha za reli mbili hazikuwapo, na yule kijana aliyegundua jambo hilo alituokolea nusu ya chuma chote.

Fundi wetu wa mawe alikuwa mzee tuliyemwita Babu, mtu wa Magu, mikono migumu kama magome. Asubuhi unamsalimia "Mwangaluka, Babu," naye anaitika bila kuacha kugonga. Jiwe kubwa hakulipiga nyundo mara moja. Alilikokea moto juu, akaliacha lipate joto saa kadhaa, kisha akasikiliza. Ndiyo, alisikiliza, sikio karibu na jiwe, mpaka likalia kidogo. Hapo ndipo nyundo ikafuata, na pande likatoka bapa kama mkate uliokatwa kwa kisu. Alikataa kumwaga zege juu ya jiwe lolote ambalo hajalithibitisha kwamba limeshikana na mwamba wa chini. Wahitimu wangu walimwona kama anachelewesha kazi. Nikamwita mhandisi, akapanda, akagonga, akashuka akisema, "Msikilizeni huyu." Kuta mbili za kuzuia udongo zilihamishwa kwa neno la Babu, na mhandisi akazipigia hesabu upya.

Ngazi ya 31 ndiyo iliyonifundisha kwamba yule binti atafika. Pale jabali lilikuwa limejitokeza, na vibarua walikuwa wamechoka, zamu yake ya kusimamia ilikuwa inaisha. Akakubali jiwe libaki. Ngazi ikazidi kimo kwa sentimita 3. Ukisimama chini ukatazama huoni kitu. Kesho yake asubuhi, kabla ya saa nne, kina mama watatu walikuwa wamemwaga maji mahali pale pale. Hakuna aliyeumia. Alinipigia simu, sauti inatetemeka, "Dada, nimekosea ngazi ya 31." Sikumwambia la kufanya. Nilipofika saa saba nilimkuta amepiga magoti, patasi mkononi, Babu yuko pembeni anamwelekeza, wanaivunja. Mbili za juu yake nazo zikavunjwa, kwa sababu ukirekebisha moja peke yake unahamisha kosa.

Wapo wanaoniambia kazi kama hizi ni za huruma, kwamba mbunifu chipukizi aziache hadi atakapokuwa na ofisi yake na fedha za kugawa. Nakataa. Chukua mlima ule uutazame kama logibuku. Kulikuwa na mteja mwenye hitaji lisiloeleweka vizuri. Kulikuwa na upimaji wa eneo, michoro ya awali iliyokataliwa, michoro ya kazi, makadirio yaliyosimamiwa na mkadiriaji, ruhusa kutoka mtaa hadi kata hadi halmashauri, vikao vya saiti vyenye kumbukumbu, orodha ya kasoro, makabidhiano. Kila kitu ambacho binti yule alikidanganya kwenye bahasha ya kaki, mlimani alikifanya kwa mikono yake. Jukumu la kisheria lilibaki kwangu, na ndivyo inavyopaswa. Lakini alisimama ndani ya jukumu hilo akaona lina uzito gani.

Nikitafuta mifano siendi mbali sana. Mbunifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata mwaka 2022 tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya fani yetu duniani, shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando ilikamilika mwaka 2001, yeye akiwa bado mwanafunzi Berlin. Kijiji ndicho kilichomtoa. Hapa kwetu wapo wanawake wa TAWAH, wabunifu majengo, wahandisi na wakadiriaji waliojikusanya kujenga nyumba za wasiojiweza Mhaga, Kisarawe, na kujifunza pamoja wakiwa saiti. Na Beda Amuli, mzee wetu, alipofungua ofisi yake mwaka 1969 hakukuwa na njia iliyokanyagwa na Mwafrika mwenzake nchini kabla yake. Soko la Kariakoo alilolibuni, lenye miavuli ya zege, lilifunguliwa mwaka 1975, naye hajafika miaka 40. Mtu alimwamini kijana kwa soko la taifa zima. Mimi nimewaamini kwa njia ya miguu, na bado kuna wenzangu wanaoniona nimejihatarisha.

Jambo moja lazima nilinene, maana ndipo nia njema nyingi zinapoharibika. Wahitimu wale hawakufanya kazi bure. Kila siku ya saiti walipata nauli na chakula cha mchana, na mwisho wa mwezi fungu lao, dogo lakini la tarehe moja isiyobadilika. Tulichanga wabunifu wanne tuliosajiliwa. Ofisi isiyoweza kumlipa mhitimu isimchukue. Kumwambia kijana mwenye mkopo wa chuo kwamba anajifunza, kwa hiyo asidai, ni kumla nyama. Na tukiendelea hivyo, watakaobaki kwenye fani ni wale tu ambao baba zao wanaweza kuwalisha hadi miaka thelathini.

Mwalo nao, yaani ufuko wanapotia nanga wavuvi, ulitufundisha, kwa namna nyingine. Kikundi cha wachuuzi wa dagaa nje kidogo ya mji kilitaka banda la kuchambulia, na kijana wetu mmoja alichora banda la matofali, mita 20 kutoka ukingo wa maji. Nilimwuliza swali moja tu, kuhusu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Akaenda kusoma, akarudi ameshika kichwa: mita 60 kutoka ziwani hairuhusiwi shughuli ya kudumu. Lakini wachuuzi wanahitaji kuwa karibu na mitumbwi, dagaa hawangoji. Akarudi mwaloni kukaa na wavuvi. Mvuvi mmoja akampeleka kwenye mti, akamwonyesha alama kwenye gome: hapa ndipo ziwa lilipofika mwaka 2020. Alama ilikuwa juu ya kiuno chake. Banda alilokuwa amelichora lingekuwa chini ya maji.

Sasa anachora vitu viwili. Karibu na maji vichanja vya mbao na nyavu vinavyofunguliwa na kubebwa na watu wawili, dagaa wakauke bila kugusa mchanga. Nyuma ya mita 60, jengo dogo la kudumu lenye stoo na choo. Bado hatujapata fedha za jengo. Vichanja tayari vipo, na kila Jumamosi anakwenda kuangalia vifundo vipi vimelegea.

Vijana hawa wakisajiliwa, ziwa lote linakuwa mbele yao. Mwaka 2011 nchi za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana kwa wabunifu majengo, hivyo mwenye usajili hapa ana mlango wa kubisha Kisumu na Kampala. Vilima vya mawe, mialo, mvua za ghafla, vyote hivyo viko pande zote za ziwa. Ningependa siku moja mtu wa Kisumu aseme anamtafuta mbunifu wa Mwanza kwa sababu wale wanajua kujenga kwenye mwamba.

Kwa wenzangu wenye mihuri ombi langu ni dogo. Chukua mmoja. Mpeleke saiti hata kama atauliza maswali mbele ya mteja. Isome logibuku yake kila mwisho wa mwezi, usiiweke kwenye droo, na pale ambapo hakufanya usimsainie. Kijana anayesainiwa asichokifanya amenyimwa elimu mara mbili. Ukihama au ukigombana naye, msainie alichokifanya kabla hajatoka mlangoni, maana miezi ile ni yake.

Ngazi zilikabidhiwa siku ya Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti alizihesabu kwa sauti akiwa anapanda, na watoto wakahesabu naye, mpaka 84. Mama wa maandazi alikuwa ameshatangulia juu na beseni lake, kituo cha tano, ambapo sasa anauzia.

Wiki iliyofuata binti alikuja kibarazani. Safari hii hakukuwa na bahasha ya kaki, na sikumuuliza aliipeleka wapi. Alikuwa na logibuku mpya, pembe zimekunjwa, kurasa zina vumbi la saruji, mwandiko umebadilika kila siku kulingana na alikuwa amekaa au amesimama. Nilisoma taratibu. Nikafika kwenye ukurasa wenye doa la maji:

"Ngazi ya 31 imezidi kimo kwa sm 3. Sababu: nilikubali jiwe libaki. Kina mama 3 wamemwaga maji. Nimevunja 31, 32 na 33, zimejengwa upya. Kimo kimepimwa mbele ya fundi: sm 16, 16, 16."

"Hili la kumwaga maji umeliandika la nini?" nikamuuliza.

"Ndivyo nilivyojua kuna kosa, dada."

Nikaomba kalamu.